Kisigino cha Yuni

Tk, tk, tk. Ni kisigino cha mjukuu wangu kinachogonga ubao wa kitanda kabla jogoo hajawika. Mwenyewe bado amelala, macho ameyafumba, mdomo uko wazi, lakini ule mguu umeshaamka. Tunalala kitanda kimoja tangu mama yake alipoolewa tena kule Kintinku, na sauti hiyo nimeizoea. Ikigonga najua mtoto yupo.

Anaitwa Yunisi, kama mimi. Kwa hiyo baba yake, mwanangu Paskali, anatuita sisi wote wawili kwa neno moja: mama. Ndivyo ilivyo kwetu hapa Ilongero. Mtoto aliyepewa jina la mzazi wako unamwita kama unavyomwita mzazi wako, na unamheshimu kidogo hata kama bado anakojoa kitandani. Ili tusichanganyikiwe, watu wengine tunamwita Yuni. Mimi nikitaka kumchokoza namwita mke mwenza, naye hunijibu kwamba babu alimpenda yeye zaidi, wakati babu mwenyewe alikufa kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka huu heshima ya jina haikumsaidia.

Yuni ukimtuma chumvi dukani anarudi na kinyonga juu ya kijiti, chumvi ameisahau huko huko. Ukimwambia afunge zizi, anaanza kufunga, anaona kipepeo, anakimbia. Anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Anapanda, anashuka, anaruka, anaangusha. Lakini wakati wa kupura alizeti hakuna mtoto wa kumfikia. Anavipiga vile vichwa kwa fimbo mpaka wenzake wanakaa pembeni kumtazama. Na ana huruma. Kuku akivunjika mguu, yeye ndiye anayemfunga kitambaa.

Kipigo kikubwa cha kwanza kilitokana na zizi. Yuni hakulifunga. Ndama walitoka wakanyonya maziwa yote, na maksai wakaingia kwenye uwele wa jirani. Paskali alirudi kutoka kumwomba radhi yule jirani, akachukua ukambaa wa kufungia ng'ombe, akamshika mtoto mkono.

"Nilikuambia nini, mama?" Ukambaa ukashuka. "Nilikuambia nini, mama?" Ukashuka tena. "Eh, mama? Masikio huna?"

Nilikuwa nachambua mboga. Niliinuka nikajitia katikati, ukambaa ukanipata shingoni. Hapo ndipo mkono wake uliposimama. Alitutazama wote wawili, akautupa ule ukambaa juu ya paa, akaondoka. Jioni alirudi na kikombe cha maziwa aliyoyaomba kwa watu, akayapuliza yapoe, akayaweka mbele ya mtoto. Hili nalo nalisema kwa sababu lilitokea.

Cha pili kilitoka shuleni. Mwalimu Festo alikuja mwenyewe nyumbani akisukuma baiskeli, Yuni amekaa nyuma, damu imeganda chini ya sikio na viganja vimevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Umemfanya nini mjukuu wangu?"

"Nimempiga, mama. Nimepitiliza." Alikuwa amelowesha leso yake, na wakati tunaongea alikuwa anamfuta shingo taratibu. "Huyu mtoto ana akili. Hesabu ya kichwa anaijibu sijafika mwisho. Lakini hakai. Akisimama yeye, darasa zima linasimama. Nikimkalisha huku anatokea kule. Leo nimemwambia akae, akakaa, nikageukia ubao, nikasikia yuko dirishani anamwita mbwa. Nikapandwa na hasira."

"Nilikuwa nimekaa," Yuni akasema, "ila miguu ikanisimamisha."

"Unaona, mama? Majibu gani hayo? Mpelekeni hospitali mjini akaangaliwe, au mniondolee darasani. Nitamuumiza siku moja."

Nilimweleza Paskali. Akasema, "Tukishavuna, mama." Na kabla hatujavuna, wifi Amne akaja.

Amne ni dada wa marehemu mume wangu, kwa hiyo ni shangazi wa Paskali, na katika ukoo wao neno la shangazi juu ya mtoto linapita neno la mama. Ni mtu wa maneno makali na mkono mwepesi wa kutoa. Nilipojifungua Paskali wakati wa baridi kali, blanketi lililomfunika lilikuwa lake, yeye akalala na kanga. Siku ile alikuja na mlenda mkavu, akaketi jikoni kwangu, akamtazama Yuni akila. Yuni alikuwa anakula hivi: tonge moja amekaa, tonge la pili amechuchumaa, la tatu yuko mlangoni.

"Huyu hawezi kukaa chini," Amne akasema.

"Ndivyo alivyo, wifi."

"Wewe Mnyiramba wa kuolewa huoni kitu. Mtoto wa kike asiyeweza kukaa chini kuna kitu kinamwasha. Hiyo ni lawalawa."

Lawalawa huku kwetu ni muwasho unaowapata watoto wa kike sehemu za siri. Manesi wanasema ni uchafu tu na vijidudu, unatibiwa kwa usafi na dawa. Lakini wako wazee wanaoamini kwamba dawa yake ni moja, kumkeketa mtoto, na kwamba asipokeketwa ugonjwa unapanda kichwani. Serikali imekataza. Kwa hiyo sasa wanakata kimya kimya, wengine hata vichanga. Mimi nilikatwa nikiwa na umri wa Yuni. Ninachokumbuka zaidi ni goti la mwanamke kifuani kwangu.

"Mimi ndiye ninayemwogesha," nikamwambia. "Hana kipele, hana wekundu, hana kitu."

"Iko ndani. Imeshapanda kichwani. Ndiyo maana hasikii."

"Hasikii kwa sababu mwalimu kampasua sikio. Kabla ya hapo alikuwa anasikia hata panya."

"Basi ana nini? Niambie wewe unayejua. Ana nini?"

Sikuwa na jibu. Hilo ndilo lililonitesa. Nilijua kile ambacho mtoto hana, lakini alichonacho sikukijua, na mtu asiye na jibu kwenye ukoo wetu hunyamazishwa na yule mwenye jibu, hata likiwa la uongo.

"Mguse tu," nikasema, "uone."

Amne alicheka. "Mkwara wa Wanyiramba. Mnatishia mkiwa mmekaa." Akanipiga begani kama anavyofanya siku zote, akaenda kuzungumza na Paskali nyuma ya zizi. Nilimwona mwanangu ameinamisha kichwa. Niliamua kwamba wiki ile ile, mavuno yawepo yasiwepo, nitamtafuta Lazaro wa bodaboda atupeleke mjini.

Nilichelewa kwa alfajiri moja.

Niliamshwa na ukimya. Kisigino hakikugonga. Nikapapasa kitandani, pale alipolala bado pana joto, mtoto hayupo. Kisha nikasikia komeo la jiko la nje likisukumwa polepole, kwa namna ya mtu asiyetaka lilie.

Nilitoka bila viatu. Mlangoni kwa jiko alikuwa amesimama Paskali.

"Rudi ulale, mama."

"Yuko wapi?"

"Rudi ulale. Ni kitu cha mara moja. Shangazi anasema ataacha kupigwa. Nimechoka kumpiga, mama!"

Nilimsukuma. Alinishika mikono yote miwili akanibandika ukutani, kichwa changu kikagonga tofali, nikaona nyota. Mwanangu ana nguvu za kushika jembe la ng'ombe kutwa nzima. Nilimng'ata mkono hakuniachia. Ndani nilisikia mtoto anapiga kelele zilizozibwa, na kishindo cha miguu, na sauti ya Amne, "Mshike! Mshike mguu huo!"

"Paskali," nikamwambia, na damu ilikuwa mdomoni mwangu, "unamshika mama yako huku nje, na mwingine umemshikisha watu ndani. Utabaki na yupi?"

Mikono yake ikalegea. Sijui ni maneno au ni ile sauti ya ndani. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akaziba masikio.

Mwichi wangu wa kutwangia hukaa nyuma ya mlango. Niliuchukua. Ndani, kwenye mwanga wa tochi ya simu, nilimwona mwanamke nisiyemjua amemwekea Yuni goti kifuani, goti lile lile ninalolijua mimi, kitambaa kimejazwa mdomoni mwa mtoto, na Amne amepiga magoti na wembe mkononi. Nilipiga. Sikupiga kutisha, nilipiga kama ninavyotwanga uwele, na mkono wa Amne ukavunjika juu ya kiganja. Niliusikia. Wembe ukaanguka majivuni. Yule mwanamke mwingine nilimpata mgongoni, akainuka, akanikwaruza uso, akapita mlangoni akikimbia, nami nikapiga tena nikakosa, chungu kikapasuka.

Paja la Yuni lilikuwa limechanika na damu inatiririka hadi kwenye ngozi ya mbuzi waliyomlazia. Nilidhani nimechelewa. Nilimwangalia. Hawakuwa wamemkata pale walipotaka. Mguu wake haukutulia. Walimshika akaponyoka, wakamshika akapiga teke, na wembe ulipokuja ulikuta paja. Ule mguu aliochapiwa shuleni na nyumbani, ndio uliomwokoa.

"Damu nyingi," Amne akasema. Alikuwa ameegemea mafiga, uso umekuwa wa kijivu, mkono umening'inia. Kwa mkono mzima alifungua kanga yake kiunoni akanitupia. "Mfunge. Kaza juu, siyo hapo. Juu zaidi. Kaza!"

Nilikaza alipopaonyesha. Kisha nikatoka nje nikapiga yowe, na majirani wakaja, na mtendaji wa kijiji, na jua lilipotoka polisi walikuwa wameshawachukua Amne na Paskali. Lazaro alitubeba kwenye pikipiki, mtoto katikati. Alimvalisha koti lake la kuendeshea, na njia nzima hadi mjini alikuwa anamwimbia nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya, ili asisinzie.

Hospitali walimshona. Aliyemshona aliona mtoto anavyorukaruka hata na nyuzi pajani, na jinsi nilivyoogopa kila mtu aliyemshika, akatuita kwa Daktari Rukaya, dada wa makamo anayeshughulikia afya ya akili. Nilipoona kibao cha mlango nilisita.

"Mjukuu wangu si kichaa, daktari."

"Sijasema, bibi. Karibu ukae. Huyu anaitwa nani?"

"Yuni, na mimi ni mke mwenza wake, na hiki nini? Kinafunguka?" Yuni alikuwa ameshafungua droo.

Daktari hakumkaripia. Alimpa kipande cha chaki akamwambia achore popote sakafuni. Mimi nilimwambia, "Nipe jina la ugonjwa, daktari. Leo. Nikirudi bila jina, watampa jina lao."

"Naelewa. Lakini mtoto aliyepigwa na kutishwa naye hatulii, halali vizuri, anashtuka. Nikikupa jina leo nitakuwa nimebahatisha, kama wao. Sitaki kubahatisha juu ya mtoto huyu."

Nilikasirika. Nilitaka kumpiga na yeye. Lakini aliendelea kuuliza, na maswali yake sijawahi kuulizwa na mtu. Alikuwaje alipoanza kutembea? Alikuwa hivi kabla mama yake hajaondoka? Ni shuleni tu au na nyumbani, kanisani, kwa watu? Kuna wakati anaduwaa, ukimwita hasikii, kope zinapepesa? Hilo lingekuwa kifafa cha aina yake. Anakoroma? Anakula udongo? Alimpima macho, na masikio yote, lile lililopasuka likawa linapona. Alimpima damu na minyoo. Alinituma nimwite mwalimu.

Festo alikuja. Sikutegemea. Alikaa kwenye benchi kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Anaanza kazi akaimaliza?" daktari akamuuliza.

"Hapana. Anaanza vizuri kuliko wote. Katikati hayupo."

"Ni kiburi?"

"Nilikuwa nasema ni kiburi. Lakini mwenye kiburi anakutazama usoni. Huyu nikimpiga anashangaa. Kila mara anashangaa upya."

"Na baba yake yuko wapi?"

Paskali alikuwa nje. Polisi walimwachia kwa dhamana, kesi yake inaendelea, na kila tulipokuja kliniki alikuja nyuma yetu kwa baiskeli akakaa chini ya dirisha, hakuthubutu kuingia. Daktari alifungua dirisha akamuuliza, "Wewe baba, ulipokuwa mdogo ulikuwaje?"

Nikajibu mimi. "Alikuwa hivi hivi. Babu yake alimfunga kwenye nguzo ya zizi ili aweze kufanya kazi zake."

Paskali akaita, "Mama," kwa sauti ndogo, na mimi na Yuni tukageuka wote wawili, na yeye mwenyewe hakujua amemwita nani, akaanza kulia.

Tulikwenda na kurudi mara kadhaa. Kidonda kilipona, usingizi ukarudi, hofu ikapungua, na mtoto aliendelea kuwa yule yule. Ndipo daktari alipotoa jina. Ni herufi za Kizungu, ADHD, na nimezifanyia mazoezi hadi zikakaa mdomoni.

"Si kiburi, bibi. Si pepo. Si lawalawa wala malezi mabaya. Amezaliwa hivyo. Sehemu ya ubongo inayomzuia mtu na kumkumbusha, kwake inachelewa kukomaa. Nguvu anazo, akili anayo. Kinachokosekana ni cha kuviongoza."

"Kama maksai wanalima na hakuna mtu mbele wa kushika kamba?"

Alicheka. "Hivyo hivyo. Sasa mtashika kamba nyinyi. Neno moja kwa wakati mmoja, si matatu. Unamwita, anakutazama, ndipo unamtuma. Mwalimu atamkalisha mbele, na atamtuma kufuta ubao na kuchota maji ili mguu upate kazi. Akimaliza kitu, msifuni hapo hapo. Dawa zipo, tutaona kama atazihitaji. Fimbo siyo dawa, wala wembe. Na mtanirudia."

Festo alisema kwa sauti ya chini, "Nitamsimamisha nyuma ya darasa akitaka kusimama. Si lazima hesabu ifanywe umekaa." Njiani kurudi alimnunulia Yuni karanga, akasahau kwamba ni mwalimu, wakatupiana.

Jumapili iliyofuata nilimpikia Amne ugali wa uwele na mlenda, nikaenda kumwona mahabusu. Watu wengine waliona nina wazimu. Lakini nilikuwa nimeifua ile kanga aliyonitupia, damu imetoka yote isipokuwa pindoni, na kitu cha mtu hurudishwa.

Askari alionja chakula, akatupa nafasi. Amne aliletwa, mkono umo kwenye plasta.

"Mnyiramba," akasema. "Umekuja kuangalia kazi ya mwichi wako?"

"Nimekuletea kanga yako."

Hakuipokea. Alikaa, akainuka, akakaa upande. Aliingiza kijiti cha ufagio ndani ya plasta akajikuna.

"Linawasha hili dude. Usiku kucha. Siwezi hata kukaa mahali pamoja."

"Angalia wasiseme una lawalawa."

Alinitazama kwa hasira. Nilidhani ataondoka. Alikula tonge moja, la pili, kwa mkono wa kushoto, akijiaibisha mwenyewe kwa kumwaga mlenda kifuani. Nikamfuta.

"Yule," akasema hatimaye, "wamesema ana nini?"

Nikamweleza. Zile herufi, na maksai, na kamba. Nilimwambia yote polepole, neno moja kwa wakati mmoja, kama nilivyofundishwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo haikuwa pale nilipotaka kukata."

"Haikuwa."

"Na ningekata..."

"Angebaki vile vile, wifi. Angekuwa anakimbia huku anavuja damu."

Alifunika uso kwa ile kanga. Yule mwanamke mwingine bado hajapatikana, na mimi nilishatoa maelezo yangu polisi, yote, na mwichi pia, na nitayarudia mahakamani mbele yake. Nilimwambia hivyo, asije akadhani chakula ni msamaha wa kesi. Akasema anajua. Askari akagonga mlango kwa rungu, muda umeisha. Nikakusanya vyombo.

"Wifi," Amne akasema. "Siku nyingine umlete nimwone. Nimwombe radhi."

"Yeye simleti. Usiku akiota anataja jina lako."

Mguu wa Amne ulikuwa unagongagonga sakafu, taratibu, hata yeye hajui.

"Basi usimlete," akasema. "Njoo wewe. Jumapili njoo tena, wifi."